Kutembea Lushoto mpaka Mtae kipande kwa kipande: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nianze kutembea hii milima ya Usambara watu wananiuliza maswali yaleyale, ndugu, wenzangu wa kazini, mpaka watu nisiowajua wanapewa namba yangu na mtu, kwahiyo nimekaa chini nimeandika yote sehemu moja. Mimi nimekulia Tanga mjini ila bibi mzaa mama alikuwa Msambaa wa Mlalo na likizo zetu zote tulikuwa tunapelekwa kule, tunashushwa kwenye basi tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nimeitembea hii njia vipande vipande kwa miaka kadhaa, vingine mara mbili tatu, na kila nikirudi nakuta kitu sikukiona mara ya kwanza.

Njia yenyewe ni ipi, inaanzia wapi inaishia wapi?

Inaanzia Lushoto mjini, inapanda Magamba, inaingia msituni, inatokea upande wa Lukozi, inashuka na kupanda mpaka Rangwi, alafu inaelekea Mtae na Mambo ambako milima inakatika ghafla na chini unaona nyika ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Yote hiyo ni Usambara Magharibi, ndani ya halmashauri ya wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Wengi wanachanganya na Amani. Amani ni Usambara Mashariki upande wa Muheza, katikati kuna bonde la Lwengera, hiyo ni safari nyingine kabisa.

Sasa elewa kitu kimoja mapema maana ndo kinachowasumbua watu wanaotoka mjini: usitegemee kibao chenye mshale kila kona. Hii njia haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni vijia vya watu wanaoenda shamba, watoto wanaoenda shule, kina mama wanaopeleka kabichi gulioni na ndoo ya maji kichwani, vimeungana mpaka vikawa safari ya siku tatu nne. Ukikutana na mama amebeba mzigo wa kuni kwenye mteremko wewe ndo unapisha, unasimama pembeni upande wa juu anapita, hata kama umevaa buti za laki mbili.

Ni lazima niitembee yote kwa mpigo?

Hapana kabisa, na kama ungeniuliza mimi ningekwambia usiitembee yote kwa mara ya kwanza. Watu wanakuja na siku tatu za likizo, wanataka wamalize mpaka Mtae ili waseme wamemaliza, wanapita Rangwi giza limeshaingia, hawajui hata walilala nyumba ya nani. Chukua kipande kimoja, kitembee vizuri, kaa kwa mama ntilie uongee na watu, alafu panda gari urudi. Mwaka ujao unaanzia pale ulipoachia. Barabara ya gari haiko mbali sana na njia ya miguu sehemu nyingi, kwahiyo kutoka katikati ya safari inawezekana, na hilo ndilo linalofanya hii njia iwe nzuri kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto.

Basi tuambie vipande vyenyewe.

Cha kwanza ninachowapeleka wageni wangu wote ni Lushoto mpaka Irente, ambacho kusema ukweli hakiko kwenye mstari wa kwenda Mtae, kinaelekea upande mwingine, ila ni nusu siku na kinakufundisha miguu yako ikoje. Unatoka mjini unapita Yoghoi, kama kilomita 6 hivi mpaka kwenye jabali. Ukifika ukingoni usikimbilie, hamna uzio wa maana na chini ni karibu mita 1,000 moja kwa moja. Unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde yamepangwa mistari, unaona barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, magari yanatambaa kama siafu, na reli ya zamani ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 na ikafika Mombo 1905. Wakati wa kurudi pitia shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jamu na mkate mweusi, unakaa kwenye majani unakula. Mimi huwa nabeba jibini moja ya kurudi nayo nyumbani.

Kipande cha pili ni Lushoto, Magamba, Lukozi. Hiki ndo kizito kwa mapafu. Lushoto mjini upo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na msitu wa Magamba unaenda zaidi ya mita 2,000, kwahiyo masaa mawili matatu ya mwanzo ni kupanda tu. Ukishaingia msituni joto linakata ghafla kama umefungua friji. Kuna miti mikubwa ya mkulo, hii ambayo wataalamu wameipa jina la Usambara kabisa, Ocotea usambarensis, ukivunja kijani chake unasikia harufu kama ya dawa ya kifua. Mbega weusi kwa weupe wanaruka juu huko, unasikia matawi yanavunjika kabla hujawaona. Na hapa nakuomba tembea kimya. Watu wanaingia na spika begani, wanapiga muziki msituni, alafu wanasema mbona hatujaona mnyama. Ndege pia, kuna kadege kadogo kanaitwa kwa Kiingereza Usambara akalat, duniani kote kako hapa Usambara Magharibi tu, sasa ukija na spika utakaonea wapi.

Ukitoka msituni upande wa pili mandhari yanabadilika, ni mashamba mpaka unachoka kuangalia, karoti, viazi, kabichi, hoho, vitunguu, maji yanatiririka kwenye vifereji. Lukozi ni sehemu ya biashara, malori ya mboga yanapakia hapa kupeleka Dar. Karoti unayokula Kariakoo kuna uwezekano mkubwa imetokea huku, na ukimuona mtu anavyoichimba kwenye mteremko wa vile hutabisha tena bei kwa muuzaji.

Cha tatu Lukozi mpaka Rangwi. Kwangu mimi hiki ndo kipande bora kuliko vyote na ndicho watu wanachokipita haraka. Hamna kileleni pa kupiga picha, ni mabonde na vijiji, unashuka unavuka kijito unapanda, unashuka tena. Nyumba za udongo mwekundu, migomba, miti ya plamu na mapichi uani, na kila baada ya dakika kumi kuna mtu anakuuliza unatoka wapi unaenda wapi. Mara ya kwanza nilitembea kwa masaa sita, mara ya pili kwa masaa tisa, na ile ya masaa tisa ndo naikumbuka, kwasababu tulisimamishwa na mzee mmoja akatuonyesha ng'ombe wake aliyezaa usiku ule, tukakaa, tukaletewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na alikataa hela mpaka tukamwachia mtoto wake daftari.

Cha nne Rangwi mpaka Mtae au Mambo. Siku ndefu, beba maji ya kutosha. Mwishoni unatembea juu ya mgongo wa mlima, huku bonde na huku bonde, upepo unapiga mpaka kofia inatoka. Kijiji cha Mtae kimekaa juu ya ukingo kabisa. Mambo iko jirani, juu zaidi, kama mita 1,900.

Kuna tawi la kwenda Mlalo pia ukiwa na siku ya ziada. Mlalo ina nyumba za ghorofa moja za udongo zenye vibaraza vya mbao zimepandana kwenye mlima, na misheni ya Kilutheri ya tangu 1891. Mimi siwezi kuongelea Mlalo bila kuipendelea kwahiyo niishie hapo.

Nafikaje Lushoto?

Kutoka Dar kuna mabasi ya moja kwa moja, yanaondoka asubuhi mapema. Ukikosa panda basi lolote la Moshi au Arusha ushuke Mombo, pale utakuta noah na costa za kupanda juu, ni lami mpaka Lushoto, kama kilomita 33, unapita Soni penye maporomoko ya maji. Ni kona baada ya kona, kama unatapika kwenye gari kaa mbele na usile chipsi Mombo. Kutoka Tanga mjini pia kuna magari ya moja kwa moja.

Miezi gani ni mizuri?

Juni mpaka Septemba, na Januari na Februari. Masika ya Machi mpaka Mei usije kutembea, nasema hivi kwa nia njema kabisa, udongo wetu ni mfinyanzi mwekundu na ukilowa unakuwa kama sabuni, na kwenye masika barabara ya kwenda Mtae ikiharibika hata kurudi inakuwa mtihani. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba inategemea, mvua inanyesha mchana unapata asubuhi nzuri, ila beba koti la mvua.

Julai ni baridi. Watu wa Dar hawaniamini mpaka wafike. Usiku unaona mvuke mdomoni, blanketi mbili hazitoshi. Ila ndo mwezi mzuri kwa miguu, hutoki jasho.

Nahitaji muongozaji au naweza kwenda mwenyewe? Mimi ni Mtanzania, naongea Kiswahili, ntauliza njia.

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na jibu langu limebadilika. Zamani nilikuwa nasema nenda tu, uliza watu. Mpaka siku nilipopotea kati ya Rangwi na Mtae, ukungu umeshuka saa nane mchana, sioni hata mita kumi, njia imegawanyika mara tatu na nimechagua ile pana nikidhani pana ndo sahihi. Kumbe pana ilikuwa inaenda machimbo ya mchanga. Nilikaa kwenye jiwe zaidi ya saa nzima, nikasikia kengele ya mbuzi, nikaita, akaja kijana wa kama miaka kumi na mbili akanishika mkono kabisa kama mtu anayemuongoza kipofu akanifikisha barabarani. Tangu siku ile kwenye Lukozi mpaka Mtae siendi bila mtu wa kule.

Irente nenda mwenyewe haina shida. Msitu wa Magamba chukua muongozaji. Vingine vyote chukua, na sababu siyo njia tu. Muongozaji mzuri anajua Kisambaa, anajua nyumba gani wana msiba leo usipite na kelele, anajua kama shamba lile limepigwa dawa asubuhi usiguse nyanya. Na hela yako inabaki kijijini.

Ila kuwa makini na namna unavyompata. Kuna mwaka tulimchukua mtu aliyetufuata stendi, mpole, maneno mazuri, akataka hela yote mbele tukampa. Tulipofika Lukozi akasema anaenda kununua vocha na hakurudi. Kwahiyo nenda kwenye ofisi zao mjini, uliza kitambulisho, andikianeni siku ngapi na nini kimo ndani ya bei, chakula chake yeye na nauli yake ya kurudi nani analipa (hapo ndo ugomvi mwingi unapoanzia), toa nusu mwanzo na nusu mwisho wa safari. Waongozaji waaminifu wenyewe wanapendelea hivyo.

Kuna kiingilio?

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu, zaidi ya hekta 9,000, na unalipia. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, beba kitambulisho cha NIDA au chochote cha kuonyesha uraia. Malipo ni kwa kontrol namba, siyo keshi mkononi mwa mtu, ukidaiwa keshi bila risiti uliza. Kamilisha hili siku moja kabla, mtandao ukisumbua asubuhi utapoteza masaa mawili getini na ukitoka hapo jua la mchana linakusubiri. Vijijini hamna kiingilio cha kupita, ila ukitaka kulala kijiji fulani piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, muongozaji anajua utaratibu.

Wapi kulala?

Lushoto zipo gesti za kila bei. Lukozi gesti za kawaida, kitanda, neti, ndoo ya maji ya moto ukiomba mapema. Rangwi kuna masista Wakatoliki wanapokea wageni, pasafi mno, kimya, na chakula chao cha jioni ukila baada ya kutembea siku nzima unataka ulie. Wapigie kabla kupitia muongozaji, usifike tu saa mbili usiku ukagonga. Mtae kuna gesti ndogo na Mambo kuna lodji nzuri ya ukingoni kwa mwenye hela kidogo zaidi.

Naweza kupiga hema popote?

Hapana. Unaweza kudhani pale ni wazi hapana mwenyewe, huku kila hatua ina mwenyewe, hata lile jani lililoota ukingoni mwa tuta limepandwa na mtu. Omba. Watu watakupa uwanja wa nyumba yao au wa shule wakati wa likizo. Ndani ya msitu hupigi bila kibali cha TFS.

Hayo matuta ni nini, na kwanini muongozaji alinikemea nilipokatiza shambani?

Alifanya vizuri kukukemea. Ngoja nieleze kwa urefu maana hapa ndo roho yangu ilipo.

Milima hii ni mikali na mvua ikinyesha udongo wote unataka kushuka mtoni. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wachimbe matuta, kwa amri, kwa faini, bila kuangalia kwamba matuta yanakula siku za mtu na kwenye udongo mwembamba yanafukua ule usio na rutuba. Watu waligoma, na ule ugomvi wa matuta ukaingia mpaka kwenye siasa za kudai uhuru huku Usambara. Baadae, kuanzia 1981, ukaja mradi wa kuhifadhi udongo ulioitwa SECAP, wa serikali yetu na Wajerumani, wao wakaja kwa namna nyingine, panda majani ya Guatemala na majani ya tembo kwenye kontua, yaani mistari inayozunguka mlima kwa usawa, panda miti, majani yale ukikata unalisha ng'ombe wa ndani, samadi inarudi shamba. Hapo watu waliona faida wakashika. Kwahiyo ule mstari wa majani unaouona umezunguka mlima siyo pambo. Ndo unaozuia shamba la juu lisidondokee nyumba ya chini. Ukikatiza ili uokoe dakika tano unavunja ukingo, mvua inayofuata inapata pa kuanzia, ufa wa leo mwakani ni korongo.

Fuata kijia hata kama kinazunguka. Bibi yangu alikuwa anatuchapa kwa hili.

Kuna wanyama hatari? Simba? Nyoka?

Simba hamna huku juu. Wapo kwenye hadithi tu, maana wafalme wa Wasambaa walikuwa wanaitwa Simba Mwene, na muasisi wao Mbegha anasimuliwa kwamba alikuwa mwindaji aliyetoka Ngulu, akawinda nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akagawa nyama kwa watu, akaua simba, wakampa ufalme makao yake Vuga, karibu na Soni. Mwambie muongozaji akusimulie mkiwa mmepumzika, kila mtu ana mwisho wake na yote mizuri.

Nyoka wapo lakini wanakusikia kabla, angalia tu unapoweka mkono ukipanda mawe. Siafu ndo wa kuogopa kweli, ukiona mstari wao ruka usisimame kupiga picha, na chomeka suruali ndani ya soksi. Vinyonga wapo wengi, wengine wana pembe mbili puani. Usiwashike, wala usimpe mtoto hela akuletee mmoja kwenye kijiti, maana ukishamlipa huyo kesho kijiji kizima cha watoto kitakuwa msituni kinakusanya vinyonga.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vyenye soli ya kushika, viwe umeshavivaa wiki kadhaa, siyo vipya vya jana. Raba za kawaida zinafaa Irente. Sweta, koti la mvua, kofia, tochi, chupa za lita mbili, chumvi ya ORS, plasta za malengelenge, dawa zako. Suruali ndefu au gauni refu, kina dada na kina kaka wote, vijijini ni watu wa dini, Waislamu wengi, Walutheri, Wakatoliki, kaptula fupi haiwapendezi wazee hata kama hawatasema. Kijiti cha kutembelea utachongewa njiani, hakuna haja ya kununua. Begi lisizidi kilo nane, ukiweza.

Chakula na maji?

Ugali, maharage, mchunga, viazi, wali siku za gulio, matunda ya msimu hasa Disemba na Januari plamu na mapichi. Vijiji vikubwa vina mama ntilie, katikati hamna kitu kwahiyo beba karanga, mkate, ndizi. Maji ya kijito yanaonekana masafi ila juu yake kuna mashamba yenye dawa na mifugo, kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi sumu ya shamba. Jaza kwenye bomba la kijiji, nayo uyachemshe au utie dawa.

Mwezi wa Ramadhani panga tofauti. Migahawa mingi mchana imefungwa, beba chako, ule pembeni siyo katikati ya njia, na jioni mkikaribishwa kufuturu msikatae.

Naweza kwenda na watoto? Na mama yangu ana miaka 63.

Watoto kuanzia miaka kumi wanaweza Irente na nusu ya Magamba vizuri sana. Kuhusu mama, swali siyo umri ni magoti, kupanda hakuumizi kama kushuka. Mpeleke kwa gari mpaka Magamba atembee msituni taratibu, arudi kwa gari. Mimi mama yangu nilimfanyia hivyo, akasimama kwenye kila mti anataja jina lake kwa Kisambaa na matumizi yake, huu wa tumbo, huu wa mzazi, mambo ambayo mimi sikuwahi kumuuliza miaka yote hiyo.

Mwanamke peke yake je?

Nimewauliza dada wawili waliofanya hivyo na nawajibia wao. Na muongozaji aliyetoka ofisini, sawa, walijisikia salama na kina mama wa vijijini waliwakaribisha kuliko wanavyotukaribisha sisi wanaume. Waliniambia wote jambo moja, mtumie mtu wa nyumbani ratiba yako ya kila usiku unalala wapi. Fanya hivyo hata kama wewe ni mwanaume.

Mtandao unashika?

Lushoto, Lukozi, Mtae vizuri. Msituni na kwenye mabonde unakata. Beba laini mbili za kampuni tofauti na pawabenki. Pakua ramani kabla, japo vijia vingi havimo. Hela weka kwenye simu na nyingine noti ndogondogo, mawakala wapo vijiji vikubwa lakini ukitaka kutoa laki Rangwi saa kumi na mbili jioni utakuta floti imeisha.

Picha?

Omba kwanza. Umeshamsalimia, shikamoo, habari za shamba, umekaa kidogo, ndo uombe. Akikataa basi. Watoto omba kwa mzazi. Na kama umepiga tuma, mpe muongozaji apeleke, kuna bibi kijijini anasubiri picha ya 2019 mpaka leo na kila nikipita ananiuliza wewe ndo wa ile picha?

Kilimanjaro inaonekana kweli kutoka Mtae?

Ndiyo, siku ikiwa safi, na siku safi siyo nyingi. Amka kabla ya jua. Kwanza utaona giza la nyika chini, alafu bwawa la Kalimawe linang'aa, alafu milima ya Upare inajitokeza kama migongo ya ng'ombe waliolala, na kama una bahati nyuma yake kabisa kuna kitu cheupe unachodhani ni wingu ila hakisogei. Mimi nimekiona mara mbili katika safari tano. Zile tatu nilikaa palepale nikanywa chai nikaangalia ukungu unavyopanda kutoka chini kama moshi wa jiko, na sikuona nimepoteza kitu.

Narudije kutoka Mtae?

Mabasi yanatoka alfajiri sana, giza bado, ukikosa hilo unasubiri mpaka kesho au unakodi bodaboda mpaka Lukozi upande cha kwanza kinachopita. Kata nafasi jioni ile ile unayofika, muulize kondakta mwenyewe siyo mtu wa dukani, na mwambie unalala gesti gani maana wengine wana moyo wa kupita kugonga dirisha. Kwa gari mpaka Lushoto ni kilomita 55 mpaka 60 ila ni vumbi na kona, hesabu masaa matatu manne. Gari litasimama kila kijiji kupakia magunia ya viazi na kuku, na asubuhi hiyo kupitia dirishani utaiona tena njia yote uliyoitembea kwa siku tatu, kile kijito, ile miti ya Rangwi kwa mbali, na wale watu uliowasalimia juzi wakiwa njiani wanaelekea shamba.